Sipiyu Iliyokuwa Haitaki Kazi

Mwezi uliopita tumehama kutoka Tandale kwenda Kimara, kirikuu moja, tripu moja, vitu vimepandana mpaka godoro linapepea juu kama bendera. Sipiyu yangu niliipakata mwenyewe kule mbele, nimeiviringisha na blanketi la mtoto, dereva ananichora tu. Kila tuta tukilipanda naiambia pole.

Jioni nimeunganisha, ikawaka freshi. Nikasema Mungu mkubwa. Sasa kazi yangu mimi ni kudizaini kadi za michango ya harusi, na kuna mwenyekiti wa kamati alikuwa ananipigia kila nusu saa utadhani anaoa yeye. Nafungua Photoshop, nimeshapanga majina, naanza kuhangaika na yale maua ya pembeni, pap! Skrini nyeusi. Halafu inawaka yenyewe kama hakuna kilichotokea. Na kusevu sijasevu.

Nikaanza upya. Nimefika kwenye maua, pap.

Cha ajabu sasa, nikiweka muvi inaenda mpaka mwisho, haishtuki hata kidogo, nikishika kazi tu inaristati. Mama watoto akaiangalia weee, akasema, "Imekufanana baba watoto, haipendi kazi."

Nikagugo. Kumbe ndani ya Windows kuna sehemu inaitwa Event Viewer inaandika kila tukio, nikafungua nikakuta alama nyekundu kibao, Kernel-Power 41, maana yake kompyuta imejiwasha upya bila kuzimwa vizuri. Asante sana, hilo hata mimi nililiona.

Nikafungua mfuniko. Nikachomoa RAM, nikazisugua yale meno yake ya dhahabu kwa ufutio wa mtoto, nikarudisha mpaka zikalia ka. Feni ya prosesa nikaitikisa, imekaza. Nikabadilisha waya wa umeme, nikahamisha ekstensheni, nikazima mpaka friji, maziwa yakaganda huko. Mama mwenye nyumba kasikia zogo kaja mlangoni, "Mwanangu, aliyekaa hapo kabla yako naye tivii yake ilikuwa inajizima yenyewe." Shikamoo nimeshampa, kwa hiyo sikuwa na la kuongeza. Usiku huo nililala na taa.

Kesho yake nikaita fundi. Kapima pawa saplai, volti 12 zimesimama vizuri, kavuta stuli, kafungua Photoshop na programu zingine tatu kwa mpigo ili aikamue, saa mbili nzima mashine inanguruma tu na haikuzima! Mimi nimesimama nyuma yake naiombea izime. "Bosi, mbona mzima huyu?" Nikampa elfu 15 na soda juu, najiona kama mzazi aliyekimbiza mtoto hospitali usiku, kufika homa imeshuka na mtoto anaomba biskuti.

Fundi hata kituoni hajafika, nimekaa, nimevuta kiti niyaone yale maua vizuri, pap.

Ila safari hii nilisikia kitu. Kabla ya pap kuna ka-tik kadogo chini ya meza. Nikainama.

Jamani. Kule Tandale sipiyu ilikaa juu ya meza. Huku chumba kidogo nimeishusha chini, uso wake umenielekea mimi, na pembeni ya kitufe kikubwa cha kuwashia kuna kengine kadogo kama punje ya dengu, cha kuristati, usawa wa goti langu la kulia, yaani kama fundi seremala kachukua vipimo. Muvi naangalia nimejilaza nyuma, goti liko mbali. Yakifika maua navuta kiti, nainama, goti linabonyeza. Na fundi mwenyewe mtu mfupi, halafu alikaa upande.

Kuigeuza nilitaka, waya wa monita haufiki. Nikaokota kizibo cha ile soda ya fundi, nikakifunikiza juu ya kitufe, selotepu raundi mbili. Haijazima mpaka leo, kadi zimetoka, mwenyekiti kaacha kupiga (hela iliyobaki nayo kaacha kutuma, hiyo stori nyingine).

Juzi fundi kapita kutusalimia, macho moja kwa moja kwenye kizibo.

"Hiki cha nini bosi?"

"Aa, watoto hao fundi, si unawajua."

Mtoto alikuwa kakaa pale pale mkekani, ananiangalia.