Ethanoli na Maji Havikubali Wastani

Changanya mililita 50 za ethanoli halisi na mililita 50 za maji, kisha subiri mpaka joto la mchanganyiko lilingane na la chumba: silinda ya kupimia itasoma takriban mililita 96 au 97, wala si 100. Jibu la haraka la darasani ni kwamba molekuli ndogo za maji hujipenyeza kati ya zile kubwa za ethanoli, kama mchanga unavyojaza nafasi kati ya kokoto. Jibu hilo halitoshi, kwa kuwa mchanga na kokoto havitoi joto vikikutana, ilhali chombo chenye mchanganyiko huu hupata joto hata mkono ukalihisi. Vifungo vya haidrojeni, yaani mivutano inayoshikanisha molekuli hizo, vimepangwa upya.

Mnato, yaani ukinzani wa kimiminika kutiririka, ndio ushahidi ninaouthamini zaidi. Katika nyuzi 25 za Selsiasi, mnato wa maji ni milipaskali-sekunde 0.89 na wa ethanoli ni 1.1 hivi, kwa hiyo mwanafunzi aliyezoea kukokotoa wastani atatarajia jibu lililo kati ya namba hizo. Kumbe ethanoli ikifika asilimia 40 hadi 45 kwa uzito, mnato hupanda mpaka karibu 2.4, yaani zaidi ya maradufu ya kimiminika chochote kati ya hivyo viwili kikiwa peke yake. Usambaaji nao huzorota: kasi ya ethanoli na maji kuingiliana hushuka hadi karibu theluthi moja ya ile inayopimwa ethanoli ikiwa kidogo sana ndani ya maji. Mnato pekee haulielezi jambo hili lote, kwani molekuli pia hupendelea kukaa na za aina yake, na upendeleo huo hudhoofisha msukumo wa kusambaa. Mwaka 2002, watafiti waliopima methanoli yenye maji kwa miale ya nyutroni waliona maji yakiwa bado yameshikana katika vikundi, ingawa kwa macho kimiminika ni kimoja.

Kwa sababu hiyo, siafiki desturi ya kumwanzishia mwanafunzi wa kidato cha tano kanuni ya Raoult, isemayo kwamba mgandamizo wa mvuke wa kila kimiminika katika mchanganyiko hulingana na sehemu yake ya molekuli, kisha kumletea ethanoli na maji mwishoni kama mkengeuko. Jozi zinazoitii kanuni hiyo, kama vile benzeni na toluini, ndizo adimu, na wala hazifai kuchezewa katika maabara ya shule.

Anayedhani kwamba hili ni suala la mtihani tu aiangalie fomula ya Shirika la Afya Duniani ya kitakasa mikono: mililita 8,333 za ethanoli ya asilimia 96, mililita 417 za haidrojeni peroksaidi, mililita 145 za gliseroli, kisha maji mpaka alama ya lita 10. Kiasi cha maji hakitajwi. Anayejumlisha na kutoa atapima mililita 1,105, ayamimine, na kukuta kimiminika hakijaifikia alama.