Kipimo cha haraka cha bakteria wa chakula: haraka ya nani?

Nyama ikipimwa Salmonella, bakteria anayeumiza matumbo, kwa njia ya kuotesha, siku ya kwanza yote huisha bakteria wakiamshwa ndani ya maji ya peptoni, yaani maji yenye lishe yao, kwenye joto la nyuzi 37. Kesho yake wanahamishiwa kwenye mchuzi unaowazuia bakteria wengine, kisha kwenye sahani ya agari, yaani lishe iliyogandishwa. Hapo mtaalamu huinama kutafuta vidoa vyekundu vyenye kiini cheusi, na akiviona bado ana kazi ya kuthibitisha. Hesabu hufika kama siku 5. Nyama mbichi haikai siku 5, imeshaliwa.

Ndiyo maana PCR, inayosaka vinasaba vya bakteria, imependwa mno. Mashine hutoa jibu kwa saa 2 hivi. Lakini hizo ni saa za mashine tu. Kwa vyakula vingi, Salmonella hatakiwi kuonekana hata kidogo katika gramu 25, na kinachoingia kwenye kijibomba cha PCR hakifiki hata tone moja. Bakteria wawili watatu waliojificha humo watakukwepa usipowapa kwanza usiku mzima wa kuzaliana. Anayenadi jibu la saa 2 bila kuutaja usiku huo wa kuotesha anawapotosha watu.

PCR pia haitofautishi bakteria hai na mfu, hivyo chakula kilichopikwa vizuri kinaweza kutoa jibu chanya kwa sababu ya mabaki tu.

Linalonitia hofu zaidi, kumtaja mkosaji kwa pupa, lilionekana Ujerumani mwaka 2011. E. coli, bakteria mwingine wa chakula, iliua watu zaidi ya 50. Katikati ya taharuki, maafisa wa Hamburg walitangaza kwamba matango ya Hispania yamekutwa na E. coli hatari. Wakulima wakamwaga mavuno yao. Aina zilipolinganishwa, bakteria wa matango hakuwa yule aliyewaua wagonjwa. Uchunguzi ukaishia kwenye mbegu za uwatu zilizochipushwa.

Mimi naiunga mkono PCR kwa kazi moja: kuzuia mzigo usitoke ghalani, hata kwa shaka tu. Kumtaja mkosaji ni kazi nyingine, na hiyo inamhitaji bakteria mwenyewe, aliyeoteshwa na kutunzwa. Maabara inayomwaga mchuzi wake wa kuoteshea bakteria mara tu mashine inaposema chanya imejinyima ushahidi. Wiki ijayo mgonjwa akifikishwa hospitali, hakutakuwa na bakteria wa kulinganisha na wake.