Bingwa bobezi wa kisukari apikwe hapa hapa Moshi

Likibandikwa tangazo la kambi ya madaktari bingwa, watu wa Himo, Boma Ng'ombe na Usa River wanadamka alfajiri kuwahi foleni. Nawaelewa kabisa. Mtoto wa jicho huondolewa, ngiri hukatwa, mtu anarudi kwake amepona. Kinachoniuma ni kuona wagonjwa wa kisukari kwenye foleni hiyo hiyo. Mama anatobolewa kidole, mashine inasoma 17, anaandikiwa dozi mpya ya insulini, na aliyeiandika anaondoka Ijumaa. Wiki mbili baadaye sukari ikishuka hadi 2.8 usiku wa manane, nani ataipunguza dozi ile?

Kisukari kinataka daktari anayekaa. Na huyo bingwa bobezi wa kisukari na homoni tunayemlilia, nasema apikwe hapa kaskazini, kwenye wodi na kliniki zile zile atakazofanyia kazi. Kumpeleka ng'ambo miaka yote ya ubobezi halafu kumrudisha ni kumfundisha kazi ya hospitali nyingine.

Najua jibu la haraka: kisukari daktari yeyote anakiweza. Sawa, tuanzie hapo, tuone DKA, ile hali ya hatari ambapo insulini inakosekana na damu inajaa asidi ziitwazo ketoni.

Kijana wa kilo 60 analetwa saa 8 usiku. Anatapika, anahema kwa kina na kwa kasi, pumzi ina harufu ya matunda. Mara nyingi huanza kutibiwa nimonia au malaria hadi mtu akumbuke kupima sukari. Mashine inaandika HI, yaani sukari iko juu kupita inavyoweza kusoma. Hapo mkono unakimbilia insulini, na hapo ndipo tunapowapoteza. Yanaanza maji: lita 1 ya normal saline ndani ya saa ya kwanza kwa mtu mzima. Inafuata potasiamu. Ikiwa chini ya 3.5, insulini isubiri hadi potasiamu irudishwe, maana insulini huisukuma potasiamu ndani ya seli, ya kwenye damu inaporomoka, na moyo unaweza kusimama huku sukari ikionekana inashuka vizuri.

Kisha insulini, uniti 0.1 kwa kila kilo kwa saa. Kwa kijana huyu ni uniti 6. Vitabu vingi vinasema pampu ya sindano. Kama pampu haipo, au ipo moja na iko ICU? Unachukua uniti 50 za insulini ile angavu kama maji, ya muda mfupi (yenye rangi ya maziwa au ya mchanganyiko haiingii kwenye mshipa hata siku moja), unazitia kwenye chupa ya normal saline ya mililita 500. Kila mililita 10 zinabeba uniti 1, kwa hiyo unahitaji mililita 60 kwa saa. Kwa mpira wa dripu unaotoa matone 20 kwa mililita, hayo ni matone 20 kwa dakika, yanahesabiwa kwa saa ya mkononi. Kabla ya kumuunganisha mgonjwa, acha mililita 50 za kwanza zipite kwenye mpira zimwagike, kwa sababu insulini hunata kwenye plastiki na saa ya kwanza mgonjwa angepata karibu maji matupu. Mpira huo nao hauachwi bila ulinzi: mgonjwa akikunja mkono matone yanasimama, akiunyoosha yanakimbia. Muuguzi anayahesabu upya kila nusu saa.

Kosa linalorudi kuliko yote huja alfajiri. Sukari imefika 14, mtu anafurahi anafunga insulini. Mchana kijana anahema tena. Tunachotibu ni asidi, sukari inafuata tu. Ikifika 14 unaongeza dripu ya glukosi na insulini inaendelea hadi ketoni ziishe. Na siku ya kuihamisha kwenda sindano ya chini ya ngozi, sindano ya insulini ya muda mrefu inachomwa saa 1 hadi 2 kabla ya dripu kuondolewa. Kwa mtoto mambo ni mengine: maji yanakwenda polepole zaidi, insulini inasubiri angalau saa 1 tangu maji yaanze, na akilalamika kichwa au akianza kusinzia unafikiria uvimbe wa ubongo papo hapo.

Haya hayashiki kwa semina ya siku mbili hotelini Arusha. Yanashika kwa kuyafanya usiku, mkufunzi akiwa pembeni, tena na tena.

Kliniki nayo ina ubobezi wake. Sukari ya asubuhi ikisoma 16 mara tatu mfululizo, daktari mwenye haraka anaongeza uniti za jioni. Bobezi anamwomba mama afunue tumbo. Anapapasa, anakuta vinundu pande zote mbili za kitovu, maana huko ndiko asikosikia maumivu na ndiko anakochoma kila siku. Insulini ikiingia kwenye kinundu hunyonywa ovyo. Ukimwongezea dozi, siku atakapochoma kwenye ngozi nzima sukari itaanguka vibaya. Halafu anauliza chupa inakaa wapi, na kama ile insulini yenye rangi ya maziwa inabingirishwa viganjani mara 10 hadi ichanganyike sawasawa. Anauliza kuhusu mbege bila kuhukumu: ini likishughulika na pombe halitengenezi sukari ipasavyo, na aliyechoma insulini akanywa bila kula anaweza asiamke. Anayetumia glibenclamide, kidonge cha kushusha sukari, akishuka sukari halali nyumbani, hata kama soda imemwamsha, kwa sababu dawa hiyo inaweza kumshusha tena hata baada ya saa 24.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba si kila kitu kitapatikana Moshi. Upasuaji wa pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo, na vipimo vingi vya homoni vinamtaka anayesomea ubobezi asafiri miezi kadhaa. Kwa watoto Nairobi ina mafunzo ya homoni tangu 2008, na hilo lilionyesha kwamba inawezekana Afrika Mashariki. Goita, na mgonjwa wa TB anayelegea kwa tezi za juu ya figo kufa, anayehitaji hydrocortisone miligramu 100 kabla ya majibu ya maabara, wapo hapa hapa.

Mfumo hatuhitaji kuubuni. ECSACOP, chuo cha madaktari wa magonjwa ya ndani wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini chenye makao Arusha, tayari inawafunza madaktari wa magonjwa ya ndani wakiwa kazini katika hospitali zao. Marekani ubobezi wa homoni ni miaka 2 baada ya magonjwa ya ndani. Nasi tuweke miaka 2. Kila anayesoma apewe wagonjwa 40 wawe wake tangu mwezi wa kwanza hadi wa mwisho, aonane na matokeo ya dozi zake mwenyewe. Mtihani ufanyike kitandani: achanganye dripu, ahesabu matone, apime hisia za mguu kwa uzi wa gramu 10, amfundishe bibi asiyesoma kuvuta uniti 14.

Na barua ya ajira iandikwe kabla hajaanza masomo, ikitaja kliniki atakayoshika, siku zake, muuguzi wa elimu ya kisukari atakayekaa naye, na nani anawajibika stripu za kupimia sukari zikiisha.