Saa Yangu Haina Jina, na Iachwe Hivyo Hivyo

Jumapili iliyopita nilikuwa kwenye kikao cha harusi ya binamu yangu, Sinza. Ajenda ya chakula imekwama kama kawaida, kamati inataka elfu ishirini na tano kwa sahani, mweka hazina anasema mpaka sasa mfukoni ana ahadi tu. Katikati ya mzozo huo, jamaa aliyekaa kushoto kwangu akanishika mkono, akaugeuza kama daktari anayetafuta mshipa, akasoma uso wa saa yangu. Akasoma tena.

"Mbona haina jina, kaka? Ya Kichina hii?"

Halafu, bila kuombwa, akapandisha mkono wa shati ili nione yake. Jina lilikuwepo. La dhahabu, na kitaji juu.

Sikumjibu, maana ndiye aliyeahidi viti na maturubai. Lakini macho hayana pazia. Mshale wa sekunde wa saa yake ulikuwa unaruka, unasimama, unaruka, unasimama, kama mtu anayevuka maji ya Jangwani kwa kukanyaga mawe. Saa halisi ya jina lile inaendeshwa na kamani, ile springi ya ndani, na mshale wake hutambaa bila kushtukashtuka. Ile ya jamaa ni ya betri. Ukibembeleza vizuri Mtaa wa Kongo unaipata na mkanda wa ziada juu.

Na mimi ndiye nimevaa feki.

Saa yangu nimeiunga mwenyewe, mezani kwangu Tabata, chini ya taa ya kusomea ya mwanangu. Mashine yake ni NH35 ya Seiko: vito 24 vya kupunguza msuguano, mapigo 21,600 kwa saa, yaani sita kila sekunde, na kamani ikijaa inatembea saa 41 hata ukiivua. Bodi, yaani gamba la nje, nilinunua kwa mtu mmoja, uso kwa mwingine, mishale kwa wa tatu. Mkanda nimeshonewa na fundi viatu. Spea zote zinatoka China, sibishi, na zinasafiri ndani ya mzigo wa wigi wa dada yangu, kwa sababu wakala wetu wa Kariakoo hataki kusikia habari za chini ya kilo moja, na mishale mitatu ya saa ukiiweka kiganjani huisikii hata uzito. Kila mzigo ukifika dada ananipigia simu: "Njoo uchukue takataka zako kabla sijamuuzia mteja."

Hoja zenu nazijua. Kwamba simu ina saa. Simu ina tochi pia, mbona mmenunua taa? Kwamba napoteza hela. Mashine peke yake ni laki moja na ushee, kweli, ila kuna watu wanamaliza hiyo kwa wikiendi moja ya bia na kitimoto, na Jumatatu hawana hata kizibo cha kuonyesha.

Linaloniuma ni hili la jina. Hivi mnafahamu kwamba mashine hiihii, NH35, kuna kampuni ndogondogo Ulaya na Marekani zinaiagiza kwa maboksi, zinaitia kwenye bodi zilizochongwa China, zinapiga chapa jina lao kwenye uso, kisha zinauza kwa mara tatu, mara nne ya gharama yangu? Na hata hao Waswisi tunaowaapia: sheria yao ya tangu 2017 inataka angalau asilimia 60 ya gharama ya kutengeneza saa itumike kwao ndipo iandikwe ya Uswisi. Asilimia 40 inayobaki inaweza kutoka popote, hata huko huko zinakotoka takataka zangu. Jina ni wino, jamani. Unaweza kulifuta kwa pamba yenye spiriti na saa isijue kama kuna kitu kimepungua. Lakini mtu wa Dar atakugeuza mkono asome wino kabla hajauliza ni saa ngapi.

Nikiri moja, kwa shingo upande. Saa yangu ya kwanza niliagiza uso wenye jina kubwa. Wauzaji hawana hiyana, wenye jina na usio na jina bei moja. Niliivaa siku mbili ofisini, bosi akaisifia, nikasema asante. Ile asante ilinikaa kooni mpaka jioni. Usiku huo huo niliifungua.

Na nyingine: saa yangu inapishana na muda. Kiwandani wenyewe wanaruhusu ichelewe sekunde 20 au iwahi hadi sekunde 40 kwa siku. Ile ya betri ya jamaa inanishinda kwa mbali kwenye kusema kweli kuhusu muda. Kuhusu mambo mengine, hapana.

Aliyenifundisha ni mzee mmoja fundi saa, ana meza yake ya kioo barazani, hatua chache kutoka Mnara wa Saa, ule uliojengwa 1961 Dar ilipopewa hadhi ya jiji. Ana kopo la maziwa ya unga limejaa Seiko 5 zilizokufa, saa za baba zetu, zile ambazo hazitiwi ufunguo, unazitikisa mpaka ziamke. Nilipomletea mashine yangu ya kwanza, shikamoo nikaitanguliza, akaitika, akaniangalia vidole.

"Umekula karanga?"

Nilikuwa nimekula. Akanirudisha nikanawe.

Yeye ndiye alinionyesha kijiti, kile kinachotoka kwenye kifundo cha pembeni kwenda ndani ya mashine. Kinakuja kirefu makusudi, unakikata mwenyewe kulingana na bodi. "Kata kidogo, piga tupa, jaribu. Tena punguza pumzi, mwanangu, unapuliza spea." Mimi nikafika nyumbani, umeme wenyewe ulikuwa umekatika, nikawasha tochi ya simu (cheka tu) nikakata mara moja, kishujaa. Kikawa kifupi. Kifundo kikagota kwenye bodi kabla kijiti hakijazama, mashine ikabaki inaamini bado naipanga muda, sekunde ikasimama tuli. Nilikaa nayo mbele yangu kama mtu aliyefiwa. Kijiti kingine, cha bei ya soda mbili, kilinifikia baada ya wiki tano, kwenye boksi la wigi za rangi ya maruni.

Mnajua nini kinachonichekesha zaidi nikiunga? Ukifika kwenye mishale lazima kwanza uzungushe mpaka tarehe iruke, hapo hapo ndipo unaibandika yote ikielekea 12, ili tarehe ibadilike usiku wa manane. Sasa sisi mshale ukiwa kwenye 12 tunasema saa sita, na bibi yangu wa Tanga siku yake ilianza magharibi, jua likizama. Alhamisi jioni kwake ilikuwa tayari usiku wa Ijumaa. Kila saa ninayounga inambishia bibi. Nimewahi kufikiria kuagiza uso wenye 6 juu na 12 chini, usomeke Kiswahili. Mzee aliponisikia alicheka mpaka akavua lenzi yake ya jichoni, halafu akauliza itakuwa shilingi ngapi.

Kikao kinachofuata ni Jumapili hii. Saa yangu ya nne kuunga iko mezani, imekamilika isipokuwa mshale wa sekunde, ambao niliupiga chafya juzi na hadi leo sijauona. Mwingine uko njiani, dada anasema mzigo umeshafika bandarini. Nitaivaa hivyo hivyo. Jamaa akinigeuza mkono safari hii atakuta hakuna jina wala sekunde, na viti vyenyewe, nasikia, bado havijalipiwa.