Uchaguzi mdogo: gharama, au haki ya jimbo kuulizwa tena?

Kila kiti cha jimbo kinapobaki wazi, hoja ileile hurudi: kwa nini chama kilichokuwa na kiti kisiteue tu mtu wake, tuokoe fedha? Wanaoitetea hawabahatishi. Viti Maalum vya wabunge wanawake hujazwa hivyo, kutoka orodha ya chama. Katiba yenyewe, ibara ya 76, haitaki uchaguzi mdogo ikiwa imebaki miezi 12 Bunge kuvunjwa. Na posho za wasimamizi, mafuta na magari ya kupandisha masanduku hadi vijiji vya Usambara si fedha ndogo.

Sawa. Sasa tazama Arumeru Mashariki, Aprili 2012. Mbunge wa CCM alifariki, chama kikamsimamisha mwanawe, Sioi Sumari. Kwa utaratibu wa kuteua, huyo ndiye angeapishwa, mjadala ukaisha. Wapiga kura wakampa Joshua Nassari wa Chadema 32,972, Sioi 26,757. Kura 6,215 za tofauti: hizo ndizo "gharama" tunazoambiwa tuziokoe. Hata Igunga, Oktoba 2011, ambako CCM ilibaki na kiti kwa 26,484 dhidi ya 23,260, chama kilitoka kikijua kimeponea chupuchupu. Barua ya uteuzi isingekiambia hilo.

Nafuu ya gharama Tanga tumeshaionja: Korogwe Vijijini, 2018, mgombea wa CCM alipita bila kupingwa. Kura ya ubunge haikupigwa, na hakuna aliyejua wakulima wa mkonge wangesema nini.

Hofu ya vurugu pale matokeo yanapokaribiana ina msingi, ila chanzo chake mara nyingi ni fomu 21B, ile ya matokeo ya ubunge ya kila kituo. Kituo hufungwa saa 10 jioni, kura huhesabiwa palepale, mawakala husaini na kupewa nakala. Chama kilichookoteza mawakala siku mbili kabla huwapoteza usiku: njaa, posho haijafika, bodaboda wa mwisho anaondoka. Wakala akiondoka bila nakala, na jumla ya jimbo ikagoma kulingana na ya vituo, mgombea hana cha kuonyesha kwenye majumuisho. Mahakama Kuu anakwenda na malalamiko matupu, ndani ya siku 30. Kisha tunaambiwa uchaguzi mdogo ndio tatizo, wakati chama hichohicho kilikuwa na fedha ya kukodi magari matatu ya matangazo.