Fizio wa Bure: Saa za Uwanjani Zihesabiwe Vipi?

Jumamosi moja kwenye uwanja wa raga kando ya Ngong Road, winga aliangushwa akabaki chini, ameshika kifundo cha mguu. Aliyemfikia kwanza ni binti wa mwaka wa nne, shahada ya sayansi ya michezo. Mashabiki walimpigia kelele apulize ile dawa ya baridi. Hakuwajali. Alibonyeza ukingo wa nyuma wa mfupa wa kifundo, nje kisha ndani, sentimita 6 kutoka nchani kwenda juu, halafu akamwambia, "Simama kaka, nipe hatua nne." Kaka alipiga mbili akakaa. Basi, eksirei.

Hizo ni kanuni za Ottawa, za mwaka wa 1992, za kuamua kama kifundo kilichoumia kinahitaji eksirei. Darasani humalizwa kwa dakika kumi. Kidole kujua pa kubonyeza huku watu wanapiga mayowe ni somo jingine, na somo hilo ndilo lenye ubishi: mwanafunzi wa sayansi ya michezo alazimishwe kulitumikia saa uwanjani, au darasa linatosha?

Wanafunzi huuliza: anatomia, fiziolojia, lishe na takwimu hazitoshi, mpaka tumalize wikendi uwanjani? Si uvivu. Anayekaa Kahawa hupanda matatu mbili kwenda na mbili kurudi, halipwi hata ya chai, na mara nyingi kazi yake ni kujaza chupa za maji na kukata tepu. Klabu nazo zimeshajua kwamba mwanafunzi ni fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, wa bure.

Upande wa pili, unaotaka saa hizo ziwepo, una hoja nzito zaidi, na hoja hiyo ni moyo. Mwanasoka wa Cameroon, Marc-Vivien Foé, alianguka uwanjani Lyon mwaka wa 2003 akafa. Christian Eriksen wa Denmark alianguka Copenhagen 2021, akakandwa kifua na kushtuliwa moyo palepale kwenye nyasi, na akarudi kucheza. Moyo ukisimama na asiwepo wa kukanda kifua wala kuushtua, kila dakika hupunguza nafasi ya kupona kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Sasa piga hesabu ya ambulensi iliyokwama kwenye foleni ya Ngong Road. Ujuzi huo hausomwi usiku wa kuamkia mtihani.

Marekani, ambako mhudumu wa afya wa wanamichezo ana leseni yake mbali na kocha na fizio, walishavutana hivihivi. Zamani mtu aliweza kufika kwenye mtihani wa taifa kwa kulimbikiza saa 1,500 za mazoezi. Njia hiyo ilifungwa 2004. Siku hizi kinachodaiwa ni ujuzi uliothibitishwa, pamoja na angalau wiki nne mfululizo za kazi ya kutwa. Kisha wakapandisha ngazi: baada ya muhula wa vuli wa 2022 kuanza, programu za shahada ya kwanza zilikatazwa kupokea wanafunzi wapya. Sasa ni uzamili.

Hapo kwenye uzamili tusiwafuate. Kwetu Kenya mtu ameshatafuta C+ ya mtihani wa sekondari ili aingie chuo kikuu, na miaka minne ya karo, na bado shahada ya sayansi ya michezo haimpi leseni ya fizio chini ya sheria ya mafizio ya 2014. Ukimwongezea miaka miwili, atauza viatu Gikomba, na sitamlaumu.

Kwenye kuthibitisha ujuzi, lakini, wamepatia. Saa mia tatu za kubeba maji zisihesabiwe hata moja. Hamsini za kupima viungo, kutambua mtikisiko wa ubongo na kumkatalia kocha anayetaka mchezaji arudi, mbele ya msimamizi anayesahihisha papo hapo, zihesabiwe zote. Na asitumwe uwanjani mtu ambaye hajafuzu huduma ya dharura. Nauli? Klabu inayompata bure ndiyo iilipe.

Baada ya mechi nilimuuliza yule binti msimamizi wake yuko wapi. Akatoa simu mfukoni, akanionyesha namba.