Programu Inayohariri Msimbo Iguse Ilichotumwa Tu

Vijana wengi wanaoandika Python hapa Mbeya huyaandika majina ya ndani ya programu kwa Kiswahili, nami nawaunga mkono. Ila kuna mtego. Chukua mfumo mdogo wa malipo wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa kule Mbozi. Mwanzoni ulihitaji jina moja tu, bei. Sasa chama kinapokea kahawa ya maganda na mbivu pia, kwa hiyo bei lazima iwe bei_maganda kwenye faili zote. Mtu anaandika mstari mmoja wa sed, amri ya kutafuta na kubadilisha maandishi, kazi imekwisha. Kesho yake mkulima anapokea ujumbe: "Umelipwa kwa bei_maganda ya leo." Kwa sed, jina la programu na maneno yaliyo ndani ya nukuu yote ni herufi tu.

"Tumia ast," utaambiwa. Ushauri huo ni nusu sahihi. Moduli hiyo huja na Python yenyewe. Huisoma faili na kuijenga kuwa mti, na humo jina ni jina, maandishi ni maandishi. Balaa liko kwenye kurudi. Tangu toleo la 3.9 kuna ast.unparse, inayougeuza mti kuwa msimbo tena, lakini komenti zote zinapotea. Hata 1_000_000 uliyoiandika hivyo ili isomeke inarudi 1000000. Programu itafanya kazi vilevile, sawa, lakini ile komenti ya "makato haya yamepitishwa na mkutano mkuu, usiyaguse" ndiyo iliyokuwa ikilinda pesa za watu. Kwangu hiyo ni faili iliyoharibiwa, hata kama kompyuta haijalalamika.

LibCST, maktaba ya Python iliyotoka Instagram, husoma msimbo kama ast lakini hutunza kila nafasi na kila komenti. Kwa mradi mkubwa sina ubishi nayo. (lib2to3, moduli ya zamani ya kazi kama hii, achana nayo, iliondolewa kwenye Python 3.13.)

Kwa faili chache, mimi huiachia ast kazi ya upelelezi tu. Tangu 3.8, kila jina la kawaida mtini, linaloitwa Name, hubeba mstari na safu linapoanzia na linapoishia. Kusanya sehemu zote zenye bei, kisha badilisha maandishi ya asili penyewe, ukianzia chini ya faili kwenda juu ili namba zilizobaki zisisogee. Safu huhesabiwa kwa baiti za UTF-8, kwa hiyo emoji moja kwenye mstari inatosha kukupoteza. Tena vigezo vya fanksheni havimo kwenye Name. Vina aina yake mtini, arg, vitafute humo.

Halafu fungua git diff, inayoonyesha mistari iliyobadilika. Ukiona umeguswa mstari usio na bei, tupa yote uanze upya.